Mstari Mmoja Juu ya Majina

Nina miaka thelathini na nne na nimestaafu. Baba yangu mdogo, aliyefundisha shule ya msingi Murungu mpaka serikali ikamwambia inatosha, hataki kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu. "Mstaafu gani hana hata unywele mmoja mweupe?" ananiuliza kila akinikuta nimekaa barazani saa nne asubuhi. "Sema umeacha kazi, Editha." Sisemi. Anayeacha kazi hutafuta nyingine. Mimi ya kwangu nimeimaliza, na kama yenyewe ndiyo iliyonimaliza kwanza, bado hesabu ni ileile.

Ninyi wahadhiri wasaidizi mnaobaki mliniletea fomu ya makabidhiano. Ilikuwa na nafasi ya funguo, viti na kompyuta. Nimeijaza, funguo mnazo. Mengine hayakuenea kwenye fomu, ndiyo haya.

Nilifika Kasulu kufundisha katika Idara ya Taaluma za Kimataifa kabla idara yenyewe haijafika. Kulikuwa na chumba kimoja kilichokuwa stoo ya mbegu za mahindi, bado kinanuka dawa ya wadudu. Kulikuwa na ramani ya dunia iliyokaa imekunjwa miaka mingi, na mikunjo yake ilikutana palepale ilipo Kigoma, pakatoboka. Mwanafunzi yeyote aliyetaka kuona yuko wapi duniani aliona ukuta. Na kulikuwa na mkuu wa idara, Dokta Mlowe, mama wa Njombe aliyekuwa akitucheka tulipovaa masweta. "Hii mnaiita baridi?" alikuwa akisema. "Njooni kwetu mwezi wa saba."

Siku yangu ya kwanza kazini tuliisimamia kazi ya fundi wa kuandika kibao cha mlangoni. Fundi alikuwa bingwa wa kuchora vichwa vya akina mama kwenye saluni za mjini. Aliuliza, "Hii dunia niichore kubwa kiasi gani?"

"Ienee mlangoni," Dokta akajibu.

Aliichora. Ina nyusi. Mkiiangalia vizuri bado mtaziona.

Kwenye kikao cha kwanza niliuliza kwa nini mtaala mzima unazungumzia mikataba ya Ulaya, wakati ukitoka hapa kwenda kwenye soko la Mabamba unasikia Kiha, Kirundi na Kiswahili cha Kongo mbele ya fungu moja la nyanya. Niliuliza pia kwa nini mtihani wa majaribio ulitaka mtoto wa Kagerankanda aeleze mpaka wa nchi mbili ambazo hata aliyetunga swali hajafika. Niliuliza mengine matatu. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na shahada ya pili, nikadhani kuuliza ndiyo kazi.

Dokta Mlowe alifunga kalamu yake. "Vizuri sana. Andika kozi."

"Mimi?"

"Nani mwingine kauliza?"

Hivyo ndivyo kozi ya Mpaka na Watu Wake ilivyozaliwa. Somo la kwanza nililojifunza katika ajira ni kwamba swali la kikaoni hurudi kwa mwenyewe likiwa na tarehe ya mwisho. Sikuacha kuuliza. Nilianza tu kuchagua siku.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Daftari la jalada gumu, moja kwa kila kaya tuliyoitembelea. Kalamu ya wino wa bluu. Penseli marufuku, na ile dawa nyeupe ya kufutia marufuku zaidi. Hii ilikuwa sheria ya Dokta, na alitufundisha kwa ukali uleule sisi na wanafunzi. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno, andika sahihi pembeni, endelea. "Usikwangue, usipake," alikuwa akisema. "Msomaji ana haki ya kuona ulipokosea." Niliipenda sheria hiyo. Katika nchi ambayo kila mtu anaficha alipokosea, niliona ni ushujaa mdogo wa wino. Kumbukeni kwamba niliipenda.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa kwenye vijiji vya kandokando ya Malagarasi, upande wetu, ambako ng'ambo ya mto ni Burundi. Dereva wetu alikuwa Mzee Ruhuza, Muha wa Kasanda, mtu mfupi aliyeendesha gari huku akiongea nalo. Nilikuwa na dodoso la maswali ishirini. Swali la saba liliuliza: je, una ndugu anayeishi nje ya nchi? Tulizunguka nyumba kwa nyumba wiki nzima. Wote walijibu hapana. Nyumba zote. Nikarudi na kuandika ripoti yenye sauti nzito, kwamba jamii za mpakani, kinyume na dhana iliyozoeleka, zimejitenga kabisa na majirani zao. Niliisoma chuoni mbele ya wageni. Walipiga makofi. Mmoja aliniambia nimevunja dhana.

Mzee Ruhuza alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kuwarudisha wageni. Tulipobaki wawili kwenye gari aliwasha, akazima, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kofia.

"Mzee, nini tena?"

"Umejitenga wewe, Mwalimu. Kesho panda, nikupeleke kwa mtu."

Alinipeleka kwa bibi mmoja ambaye hapa nitamwita Nyabuhire. Si jina lake, na kijiji chake sikitaji. Mkifika mwisho mtajua sababu. Yeye mwenyewe alikuwa ameshahojiwa, na kwenye swali la saba alikuwa amesema hapana kama wenzake. Tulimkuta anamenya muhogo. Tulimwamkia kwa Kiha, mwakeye, akatujibu, akampa Mzee Ruhuza kisu ili asikae bure.

"Bibi," nikamwambia, "ulisema huna ndugu nje ya nchi."

"Sina."

"Hata mmoja?"

"Nje ya nchi si kule kwa wazungu? Nani wa kwetu amefika huko?"

Mzee Ruhuza, macho kwenye muhogo, akamuuliza kwa Kiha dada yake hajambo. Bibi akanyoosha kisu kuelekea mtoni. Dada yake aliolewa ng'ambo. Mjomba wake kazikwa ng'ambo. Mbuzi aliyefungwa pale uani alikuwa ametoka ng'ambo kwa sherehe ya ubatizo.

"Sasa hao si nje ya nchi?" nikauliza.

Bibi alinitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Hao? Hao ni hapo."

Nilirudi Kasulu nikaenda moja kwa moja kwa Dokta, nikamwambia ripoti yangu ni takataka. Nilitarajia anifariji. Alisema, "Ndiyo. Umeigunduaje?" Nikamweleza kwamba niligundua kwa sababu nilirudi. Kama nisingerudi, mpaka leo watu wangekuwa wanainukuu. Akasema kuanzia sasa wote tutarudi.

Hiyo ndiyo desturi ninayotaka mjue ilikotoka, maana nasikia wengine mnadhani ilikuja na mtaala. Tuliiita kurudi kusoma. Kila mwanafunzi, baada ya kuandika, alirudi kwa mwenye nyumba na kumsomea daftari zima kwa lugha ya nyumba ile. Mwenye nyumba aliweza kusema ongeza, aliweza kusema rekebisha, na aliweza kusema futa. Akisema futa, inafutwa bila maswali. Bila kurudi kusoma hakuna alama.

Wanafunzi waliichukia. Yohana, kijana wa Kagerankanda aliyekuja kuwa mwanafunzi wangu bora, aliandika kuhusu mzee mmoja kwamba "ni mvivu na hana mchango katika uchumi wa kaya." Siku ya kurudi alisimama mbele ya mzee huyo na daftari mkononi.

"Soma, mwanangu, usimeze," mzee akamwambia.

Yohana akasoma. Mke wa mzee akapiga kigelegele. Mzee akafikiri, kisha akasema, "Ongeza na ulevi, ili kiwe kitabu kamili." Baada ya hapo akampeleka Yohana nyuma ya nyumba na kumwonyesha mguu, ule usiokunja goti, ambao hakuna swali letu hata moja lililouulizia. Sentensi ilipigwa mstari mmoja. Yohana hakuandika tena neno mvivu kwa mtu yeyote, hata kwa wale waliostahili.

Kwa Bibi Nyabuhire nilirudi mwenyewe. Katika mazungumzo ya pili alikuwa amenieleza habari ambazo hakuwa amezipanga. Dada yake mwingine, naye wa ng'ambo, alikufa zamani. Watoto watatu wa dada yule walivushwa wakiwa wadogo, mmoja mgongoni, na Bibi akawalea kama wake. Walisoma hapa, wanalima hapa, wanaimba kwaya hapa. Hawana karatasi hata moja, ya huku wala ya kule. Nilikuwa nimeandika majina yao. Nilipoyasoma, Bibi aliweka mkono juu ya daftari.

"Hapo futa."

"Yote matatu?"

"Yote. Mtu wa vitambulisho akiyaona, hawa watoto kesho hawapo. Nitabaki na vyungu."

Nikachukua rula. Nikapiga mstari mmoja, ulionyooka, juu ya kila jina. Bibi hajui kusoma. Alitazama kalamu ikipita mara tatu.

"Umefuta?"

"Nimefuta, Bibi."

Nilisema hivyo bila wasiwasi wowote. Nilikuwa na shahada mbili na sikuona nilichofanya.

Miaka ilipita, na yale ambayo watu huweka kwenye kumbukumbu zao, vyeo na sherehe, ninayaruka. Hayakuwa mengi na chai ilikuwa baridi. Idara ilipata chumba cha pili. Ramani ilibandikwa kiraka, na mwanafunzi mmoja akachora Kigoma kwa mkono juu ya kiraka, kubwa mara tatu ya ilivyo, hakuna aliyempinga. Madaftari yalijaza makasha manne ya bati. Kila kikao cha makao makuu kiliuliza kama idara yenye wahadhiri watatu ina haki ya kuwepo, na kila mara Dokta Mlowe alipanda basi, akaenda kutujibia, akarudi amevimba miguu na idara iko hai.

Halafu ikaja barua ya mradi. Washirika wa mbali, ambao sikuwahi kujua vizuri ni akina nani, walitaka madaftari yetu yote yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kwenye mtandao, pamoja na majina na vijiji, watafiti wa dunia nzima wayasome. Kwa kufanya hivyo idara ingepata hadhi ya kudumu. Hakuna tena safari za miguu kuvimba. Dokta aliisoma barua ile mara mbili kwa sauti, na mara ya pili alivua miwani. Nilifurahi naye. Lazima niseme hivyo kwa haki, nilifurahi.

Nilipewa kazi ya kuandaa orodha. Nilifungua kasha la kwanza asubuhi moja ya Jumatano, na daftari la juu kabisa lilikuwa la Bibi Nyabuhire. Nililifungua katikati. Nikasoma majina matatu.

Niliyasoma vizuri kabisa. Mstari wangu ulipita katikati ya kila jina, mzuri, umenyooka, na herufi zote zilionekana juu na chini yake. Kazi ya mstari mmoja ni hiyo: msomaji aone kilichokosewa. Nikachukua daftari la pili, la tatu, la kumi. Mwanamke aliyesema futa habari za mume wake. Familia iliyosema futa mahali wanapovukia mto. Kila futa tuliyoahidi ilikuwa pale, na mstari ukaifanya ionekane haraka zaidi, kama vile tumeiwekea alama. Tulikuwa tumewaambia watu wasiosoma kwamba tumefuta, na tukawaachia wanaosoma kila kitu.

Nilikwenda kwa Dokta na daftari mkononi. Alitazama ukurasa. Hakuhitaji maelezo, sheria ilikuwa yake.

"Mungu wangu," akasema. "Na mimi ndiye niliyewafundisha."

"Tusiyapeleke."

"Editha, subiri kwanza. Tutayapaka wino mweusi."

Akaandika kwa kamati ya mradi. Jibu lilikuja haraka kuliko majibu yote tuliyowahi kupata: madaftari yabaki katika hali yake ya asili, kupaka wino ni kuharibu data. Akapiga simu. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nikasikia sauti ya mtu mpole akimweleza kwamba watu wa vijijini hawasomi mitandao.

"Wanaosomwa ni wao," Dokta akasema, simu ikakatika au akaikata.

Aliiweka simu mezani. "Tukikataa," akasema, "wanatuunganisha na Idara ya Elimu. Unajua hilo. Kibao kinashuka. Miaka yote hii, Editha. Mbona unataka mimi ndiye niizike?"

"Sitaki uizike. Niliahidi."

"Na mimi niliwaahidi wanafunzi idara."

Hakuwa amekosea. Watu hupenda kumbukumbu zenye mtu mbaya, mimi sina wa kuwapa. Nilimwambia tu kwamba idara inayosimama juu ya watoto watatu wa Bibi mimi siwezi kuifundisha, na kama tunawafundisha vijana kuhoji mamlaka za dunia nzima isipokuwa barua iliyokuja kwetu, basi tufunge wenyewe, hata tusisubiri kuunganishwa. Nilipandisha sauti. Sijutii.

Kwa utaratibu wetu, gari halitoki bila fomu ya safari yenye saini ya mkuu wa idara. Kesho yake niliijaza. Dereva: Ruhuza. Mizigo: makasha manne. Kwenye sababu ya safari niliandika maneno mawili, Kurudi kusoma, nikaiweka mezani kwake. Dokta Mlowe aliisoma kwa muda mrefu kuliko fomu ya mistari sita inavyohitaji. Kisha akachukua kalamu ya bluu akasaini.

"Barabara ya Kibondo ina vumbi siku hizi," akasema, bila kuinua kichwa. "Funikeni makasha."

Tulizunguka siku nne. Nyumba kwa nyumba tuliwakuta watu, tukawasomea mara ya mwisho, tukawaambia ukweli kuhusu mstari, tukawakabidhi madaftari yao. Wengine walitutukana na tulisimama tukatukanwa. Yule mzee wa mguu aliuliza kama neno ulevi bado limo, akafurahi kusikia limo. Mama mmoja alilitia lake kwenye moto wa maharage mbele yetu na kuendelea kukoroga.

Tuliporudi niliitwa kwenye kamati. Nilieleza, kwa sauti ya kawaida, kwamba madaftari yako kwa wenyewe na nakala hakuna. Mtu mmoja aliniuliza kama ninajua maana ya mali ya chuo. Nilimuuliza kama anajua maana ya futa. Mkataba wangu haukuendelezwa. Kibao kilishuka, dunia yenye nyusi iko sasa nyuma ya mlango wa Idara ya Elimu, na taaluma za kimataifa ni kozi mbili ndani yake, mnazozifundisha ninyi. Ninasikia bado mnawapeleka wanafunzi mtoni na bado wanarudi kusoma. Kama ni kweli, wapeni wino mzito, na neno likifutwa lizikwe mpaka karatasi itoboke. Na atakayewaambia msomaji ana haki, muulizeni: na aliyesimulia, yeye hana?

Nyumba ya Bibi Nyabuhire niliiacha ya mwisho. Si kwa mpangilio, niliogopa. Alikuwa ukumbini na muhogo wake. Nilikaa chini, Mzee Ruhuza akapewa kisu.

"Bibi, nilikudanganya," nikasema. "Uliniambia nifute. Sikufuta. Nilipiga mstari, na chini yake majina yanasomeka."

"Yanasomeka?"

"Yanasomeka."

"Na mtu wa vitambulisho?"

"Hajayaona. Hakuna aliyeyaona isipokuwa mimi na bosi wangu. Nimelileta daftari, ni lako. Lichome, lizike, upendavyo."

Bibi aliacha kumenya. Nilijiandaa kwa matusi. Yalikuja mawili, ya Kiha, mafupi, na Mzee Ruhuza akakohoa. Kisha Bibi akasema, "Soma."

"Nisome wapi?"

"Hapo chini ya mstari, mwongo we. Soma."

Nikasoma majina matatu. Kwenye shamba nyuma ya nyumba nilisikia jembe likisimama, mtu akisikiliza, kisha likaendelea. Bibi alikuwa amefumba macho.

"Kumbe wamo," akasema. "Ile siku ulipoondoka niliona kama nimewaua. Mama yao hana kaburi nililofika, na wao nikawatoa kitabuni kwa mdomo wangu." Akafumbua macho. "Sasa hili ni langu? Halirudi chuoni?"

"Halirudi. Na mimi sirudi, Bibi. Nadhani kazi yangu imeisha."

"Nani kauliza kazi yako? Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Tafuta ukurasa msafi. Waandike tena, vizuri, na jina la mama yao juu. Usipige mstari. Siku nikiondoka, lazima pawe mahali panaposema hawa walikuwa wa hapa."

"Na likionekana?"

"Litakaa chini ya vitenge vyangu. Huko hata mume wangu hakuwahi kufika."

Mzee Ruhuza akacheka. Mimi nikafungua ukurasa msafi, nikaandika jina la mama, na chini yake majina matatu, polepole, kwa mwandiko wangu bora. Nikamsomea. Hakuna alichosema kifutwe.

Hapa siyaandiki.